Namna ya Kuzalisha Kobe wa Msitu wa Mvua Bomani

Kobe anayezungumziwa hapa ni Kinixys erosa, mkazi wa misitu ya mvua inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita Kameruni, Gaboni na bonde la Kongo, hadi ikaingia Uganda. Wengi wetu tukisikia neno kobe tunamfikiria yule wa nyika, mwenye gamba la mviringo kama kuba, anayetambaa juani na kula nyasi kavu. Huyu ni mwingine kabisa. Gamba lake lina rangi ya majani yaliyooza, kingo zake zimekunjukia juu na kuchongoka kama meno ya msumeno, na sehemu ya nyuma ya gamba la mgongoni imeungwa kwa bawaba, hivi kwamba anapotishwa huishusha na kuificha miguu ya nyuma kama mtu afungavyo kifuniko cha sanduku. Jina la jenasi, Kinixys, lililotolewa na Thomas Bell mwaka 1827, limetoka kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya kiuno kinachocheza.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu kobe hawa wanakufa mikononi mwa watu wanaowapenda. Huwekwa uani penye jua, wakapewa kabichi na maji kwenye kisahani, na baada ya miezi michache hukutwa wamefumba macho wasiyafumbue tena. Kazi ya kuzalisha haianzi kwa kuwakutanisha dume na jike, bali huanza kwa maji, kivuli na utulivu, na mwaka wote wa kwanza huenda usitoe yai hata moja. Asiyeweza kuuvumilia mwaka huo ni afadhali asianze.

Hatua ya kwanza: Kibali kabla ya kobe

Usimpokee kobe kabla ya kushika karatasi. Kinixys wote wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake hawavushwi mpaka bila vibali, na ndani ya kila nchi kuna sheria yake ya wanyamapori inayosimama juu ya hapo. Nchini Uganda ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mlango wa kubisha ni wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia uhifadhi wa mazingira. Msomaji wa Kenya au Tanzania ambaye jirani yake ni Kinixys zombensis, kobe wa misitu ya pwani, anaweza kufuata sehemu kubwa ya mwongozo huu, lakini naye aanze kwa mamlaka ya nchi yake.

Swali linalofuata ni kobe watoke wapi, na hapa sina jibu la pili. Wazazi wa kwanza watoke kwa mamlaka, yaani wale walionaswa kwa wasafirishaji haramu na hawawezi kurudishwa msituni mara moja, au watoke kwa mzalishaji mwingine mwenye kibali. Kobe anayeuzwa kando ya barabara pamoja na nyama ya porini humtia mtu huruma, nami naijua huruma hiyo, lakini ukimnunua kwa mwindaji umemlipa ili kesho arudi na wengine wawili. Toa taarifa, usitoe fedha. Fahamu pia kwamba kwenye vibali vya CITES watoto wa kizazi cha kwanza waliozaliwa bomani huandikwa kwa alama ya F, tofauti na wale wa alama ya C waliokidhi masharti yote ya kuzalishwa kifugaji. Tofauti hiyo iliwekwa kwa sababu wapo waliowakamata msituni na kudai wamewazalisha.

Hatua ya pili: Hakikisha wote ni wa spishi moja

Katika baadhi ya misitu ya Afrika Magharibi na Kameruni Kinixys erosa huishi karibu na ndugu yake Kinixys homeana, ambaye Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, umemweka kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Ukiwachanganya utapata machotara wasiomfaa yeyote. Mwangalie kobe kwa ubavuni: mgongo wa homeana hufika nyuma ukakatika ghafla na kushuka wima kama ukuta, ukiwa na nundu pale unapokatikia, ilhali wa erosa huteremka taratibu. Kisha mtazame juu ya shingo, katikati ya ukingo wa mbele wa gamba. Homeana ana kigamba kidogo chembamba hapo, na erosa kwa kawaida hana.

Jinsia hutambulika kwa kobe waliokomaa tu. Dume wa erosa ni mkubwa kuliko jike, na anaweza kupita sentimita 30. Mkia wake ni mrefu na mnene, na gamba lake la chini limechomoza mbele ya koo kama ulimi wa jembe. Kundi zuri la kuanzia ni dume mmoja na majike wawili au watatu. Dume wa pili akipatikana apewe boma lake, kwa kuwa madume hugongana kwa ulimi huo mpaka mmoja apinduliwe, na kobe aliyepinduka mahali asipoonekana anaweza kufa.

Hatua ya tatu: Miezi sita ya kutengwa

Kobe aliyepita mikononi mwa wasafirishaji hufika akiwa amekauka mpaka ndani ya figo. Kabla ya chakula na kabla ya dawa, mpe maji. Chukua beseni bapa, tia maji ya uvuguvugu yanayofika pale gamba la chini linapokutana na la juu, mweke humo kwa nusu saa, na ufanye hivyo kila siku kwa wiki tatu za mwanzo. Utamwona anazamisha pua na kunywa muda mrefu bila kuinua kichwa, koo likipanda na kushuka. Mara nyingi atakojoa humo humo, na mkojo wake utakuwa na uteute mweupe. Uchukue uteute huo kwa kidole uufikiche: ukiwa laini kama dawa ya meno, maji yanarudi mwilini, ukikwaruza kama mchanga, bado amekauka na beseni liendelee.

Kinyesi kipelekwe kupimwa na daktari wa mifugo, kwa maana karibu kila kobe aliyetoka porini ana minyoo ya mviringo na vijidudu vya utumbo ambavyo msituni hakuvihisi, ila sasa mwili umechoka navyo vimepata nafasi. Fenbendazole ndiyo dawa ya minyoo inayotumiwa kwa kobe, kwa kipimo atakachokupa daktari baada ya kumpima uzito. Hapa nataka nisikike vizuri: ivermectin, ambayo kila duka la pembejeo linaiuza kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, huua kobe. Humpooza na kumwua, hata kwa kiasi kidogo. Mtu akikuambia kwamba sindano moja tu ya ile ya mbuzi inatosha, mwondoe kobe wako mbele yake.

Kupe watolewe kimoja kimoja kwa koleo dogo, hasa kwenye mikunjo ya miguu na chini ya mkia, wala usimwogeshe kobe kwa dawa ya josho. Kila kupe aingizwe kwenye chupa ya spiriti. Hili si la kobe peke yake, kwa kuwa baadhi ya kupe wa kobe wa Afrika hueneza maji moyo, ugonjwa unaoua ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ni kwa hofu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 2000 kuingizwa kwa aina 3 za kobe wa Afrika, mmoja wao akiwa Kinixys belliana. Kama una mifugo, chumba cha kutengea kiwe mbali na zizi, kiwe na viatu vyake na ndoo zake, na ukihudumie mwisho baada ya kazi nyingine zote za siku.

Wengine hawatakula kwa muda mrefu. Jike mmoja niliyekabidhiwa alifika ndani ya gunia la mkaa, macho yamebonyea, na kwa siku 24 hakugusa chochote: si papai, si konokono, si ndizi. Siku ya 25 mvua ilinyesha alfajiri na matone yakapenya kwenye paa la chumba. Nilipoingia nilimkuta amenyoosha shingo yote, anauma uyoga mdogo uliokuwa umeota kwenye gogo bovu nililomwekea apate kujificha. Tangu siku hiyo nimejifunza kumwekea kila mgonjwa gogo bovu lenye uyoga, na kumnyunyizia maji kabla ya jua kuchomoza, kisha nitoke nimwache peke yake.

Hatua ya nne: Boma lenye msitu ndani yake

Kwa kundi la kobe watatu au wanne, boma la mita 4 kwa 6 ndilo dogo kabisa ninaloweza kulikubali. Ukuta uwe wa tofali, mbao au bati lililokunjwa ukingo, usiwe wa wavu, kwa sababu kobe anayeona upande wa pili hushinda siku nzima akisukuma wavu mpaka pua ichubuke. Urefu wa nusu mita juu ya ardhi unatosha, na sentimita 30 zizamishwe chini.

Kivuli ndicho paa la kwanza. Panda migomba, na chini yake jamii za tangawizi pori na majani mapana mengine, mpaka ukisimama katikati saa 6 mchana usione zaidi ya vidoa vichache vya jua. Erosa hapendi kuota jua kama kobe wa nyika. Hutembea alfajiri, jioni na wakati wa mvua, na mchana hujizika ndani ya majani. Kwa hiyo ardhi iwe na udongo tifutifu, na juu yake safu ya majani makavu isiyopungua sentimita 15, iliyochanganywa na vipande vya magogo yaliyooza. Usiifagie. Ndani ya safu hiyo kuna minyoo, majongoo na wadudu watakaoliwa, na kuna unyevunyevu ambao hakuna bomba linaloweza kuuleta peke yake. Ongeza majani mapya kila mwezi, kwa kuwa ya chini huoza haraka.

Dimbwi la maji ni lazima. Lijenge kwa saruji, kina kisizidi sentimita 12 kwenye sehemu yenye maji mengi, na upande mmoja uteremke polepole kama ngazi ya mteremko, ili kobe aingie na kutoka bila kupinduka. Watakaa humo saa nyingi, wengine hata usiku, na watalichafua kila siku, hivyo liwekee tundu la kutolea maji usije ukachoka kulisafisha.

Joto linalowafaa ni kati ya nyuzi 23 na 28, na usiku lisishuke chini ya 20. Aliye Kisangani au kwenye nyanda za chini za Ituri hatakuwa na shida kubwa. Aliye Bukavu, kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, atahitaji kibanda cha usiku chenye kuta nene na chanzo cha joto kisichotoa mwanga, na kila jioni awahesabu kobe wote ndani kabla ya kufunga. Unyevunyevu wa hewa usishuke chini ya asilimia 80. Wakati wa kiangazi nyunyiza asubuhi na jioni kwa bomba lenye matundu madogo, na pima kwa kipimaunyevu kilichowekwa chini kabisa, usawa wa gamba la kobe, kwa maana hewa ya kifuani pa mtu ni kavu kuliko ile ya chini ya majani.

Maadui ni wengi kuliko mgeni anavyodhani. Kenge na nguchiro hutafuta mayai na watoto, panya hutafuna miguu ya kobe aliyelala, na mbwa hutafuna gamba kama mfupa. Lakini ninayemwogopa kuliko wote ni siafu. Jeshi la siafu likiingia bomani usiku, kobe hawana pa kukimbilia. Zungushia boma lote mfereji wa saruji wenye maji, upana wa kiganja, uhakikishe hakuna jani la mgomba linalolala juu yake na kuwa daraja, na wakati wa mvua kubwa utembee na tochi kabla ya kulala.

Hatua ya tano: Chakula

Kobe huyu hula vitu vingi, na anayempa majani matupu anamdhoofisha. Uyoga ndio chakula kinachomwamsha aliyekata tamaa. Uyoga wa mamama unaolimwa kwenye mifuko unafaa kabisa, tena mifuko iliyokwisha kuvunwa inaweza kuwekwa bomani ikaendelea kutoa michache. Matunda yaliyoanguka yafuate: papai, embe, pera, tini za mikuyu, na ndizi kidogo. Majani ya kila siku yawe matembele na majani laini ya porini yasiyo na dawa, na mchicha utolewe mara moja moja tu kwa kuwa huzuia madini ya kalisi yasitumike mwilini.

Nyama yake ni konokono, minyoo ya ardhini na majongoo. Konokono usiwaokote kwenye shamba la jirani anayenyunyizia sumu. Wafuge mwenyewe kwenye pipa lenye udongo, ni kazi ya robo saa kwa wiki. Kobe waliokomaa walishwe mara tatu kwa wiki, jioni, chakula kikiwekwa mahali pawili au patatu ili jike mnyonge naye afike. Mara mbili kwa wiki nyunyizia unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, na jike anayetarajiwa kutaga awekewe kifupa cha ngisi augugune apendavyo, kwa maana yai linajengwa kwa kalisi ya mifupa yake mwenyewe asipopewa nyingine.

Hatua ya sita: Kuwakutanisha

Baada ya karantini, majike waingie bomani kwanza na wakae peke yao angalau miezi mitatu, mpaka kila mmoja awe na mahali pake pa kulala na uzito wake uwe umetulia. Dume akae boma la jirani. Msubiri mvua za kwanza za msimu, au kama kiangazi kimerefuka, washa bomba la kunyunyizia kwa saa mbili jioni kwa siku nne mfululizo, kisha umwingize dume kunapokuwa na manyunyu. Harufu ya udongo uliolowa huwaamsha kuliko kitu chochote ninachokifahamu.

Uchumba wao si wa upole. Dume humzunguka jike, humgonga ubavuni kwa ule ulimi wa koo, humuuma kingo za gamba na miguu ya mbele, na anapompanda hutoa sauti ya kukoroma inayosikika nje ya boma. Vigongo na magogo yawe yamepangwa ili jike aweze kutoweka machoni pa dume. Ukiona damu, au jike ameacha kula kwa siku tatu, mtoe dume. Hata mambo yakienda vizuri, mtoe baada ya wiki mbili na umrudishe msimu ujao wa mvua; jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume na kutaga mayai yenye uhai miezi mingi baadaye, kwa hiyo hakuna haja ya kumchosha.

Hatua ya saba: Kuyapata mayai

Kuna kobe wa msitu wa Asia, Manouria emys, ambaye jike wake hukusanya kilima cha majani, hutaga humo, kisha hukilinda kwa siku kadhaa. Mfugaji wake hana haja ya kutafuta. Wetu hana desturi hiyo. Huchimba kishimo kifupi, au hutaga juu ya udongo na kufunika kwa majani, kisha huenda zake, na asubuhi hakuna alama yoyote. Mayai ni machache, mara nyingi mawili hadi manne, meupe, yenye ganda gumu, urefu wa sentimita 4 au 5.

Mzani wa jikoni ndio utakaokuonyesha. Mpime kila jike siku ile ile ya wiki, kabla ya kula. Uzito hupanda polepole kwa wiki kadhaa, kisha jike huanza kuhangaika: hutembea mchana asivyozoea, hunusa ardhi, hukataa chakula. Kuanzia hapo mpime kila asubuhi. Siku uzito utakaposhuka ghafla, mayai yamo bomani, nawe upige magoti na kuyatafuta kwa vidole, si kwa jembe wala reki, ukianzia pembeni mwa magogo na mashina ya migomba. Jike akihangaika zaidi ya wiki mbili bila kutaga, apigwe eksirei, kwa kuwa yai linaweza kukwama.

Ukilipata yai, kabla hujaliinua, liwekee alama ya penseli juu yake, tarehe na namba ya mama. Upande huo ubaki juu mpaka siku ya kuanguliwa. Kiinitete hujishikiza kwenye ganda mapema, na ukiligeuza yai lililokwisha kujishikiza unaweza kukiua.

Hatua ya nane: Kutotolesha

Mashine ya vifaranga vya kuku inaweza kutumika ikizimiwa mtambo wa kugeuza mayai. Mayai yazikwe nusu ndani ya visanduku vya plastiki vilivyotobolewa matundu machache, kwenye vermikulaiti, yaani chembe nyepesi za madini zinazoshika maji, au, isipopatikana, kwenye vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa vizuri. Kama ni vermikulaiti, changanya na maji yenye uzito sawa nayo. Kama ni makumbi, kamata kwa ngumi ukaminye: yashikane yasitoe tone. Joto liwe nyuzi 27 hadi 28, na kipimajoto kikae ndani ya kisanduku, pembeni ya yai, wala si kwenye mlango wa mashine. Juu ya 31 hatari inaanza. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, hamishia visanduku kwenye kasha la povu pamoja na chupa za maji ya uvuguvugu, maana yai huvumilia baridi ya saa chache kuliko linavyovumilia joto.

Wiki za mwanzo angalia ganda. Yai lenye uhai huanza kuwa na doa jeupe zito upande wa juu, kama limepakwa chokaa, nalo doa hutanda taratibu. Baadaye, ukiliangaza kwa tochi gizani bila kulitoa mahali pake, utaona mishipa myekundu. Yai linalotoka jasho lenye harufu litolewe; lisilo na harufu liachwe.

Hapo kwenye kuliacha ndipo nilipokosea. Muda wa mayai haya ni mrefu, miezi minne hadi sita, na mara nyingine zaidi, na mayai ya mama mmoja yanaweza kupishana kwa wiki kadhaa. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mayai matatu ambayo tochi haikupenya tena, meusi ndani, na siku ya 138 niliamua yamekufa. Nilivunja moja kando ya shimo la taka. Ndani yake alikuwamo kobe aliyekamilika, kucha zote, kingo za gamba zimechongoka, kifuko cha kiini bado kikubwa tumboni, na mguu mmoja wa mbele ulisogea. Alikufa saa ile ile. Wale wawili waliobaki niliwarudisha kwenye kisanduku, mmoja akatoka siku ya 161 na mwingine siku ya 170. Yai lisilopitisha mwanga huwa limejaa kobe. Nakuomba usivunje yai lisilonuka, hata miezi minane ikipita.

Hatua ya tisa: Kuanguliwa na mwaka wa kwanza

Kitoto hutoboa ganda kwa kijino kidogo kilicho kwenye ncha ya pua, kisha hutulia. Anaweza kukaa na tundu hilo siku mbili, hata nne, akifyonza kiini kilichobaki. Usimsaidie. Hakikisha tu hewa ndani ya kisanduku ina unyevu, na ukae mbali. Akitoka akiwa bado na kifuko, mlaze juu ya karatasi laini iliyolowa kwenye chombo kidogo, gizani, mpaka kiingie chote.

Watoto huwa na sentimita 4 au 5, na bawaba bado hawana, hujitokeza wanapokua. Kisanduku chao kiwe na majani yaliyolowa yenye kina cha kuwafunika kabisa, kwa sababu mtoto wa erosa anayeonekana siku nzima ni mtoto anayekauka. Hewa ikiwa kavu gamba hukua kwa vinundu vinundu, na vinundu hivyo havirudi. Waoshe kila asubuhi kwenye maji yasiyozidi kidevu. Chakula kiwe kila siku: uyoga uliokatwakatwa, minyoo midogo, konokono waliopondwa na ganda lao, papai kidogo. Usiweke zaidi ya watatu pamoja, kwani hung'atana miguu, na mmoja akianza kubaki nyuma kwa uzito mtenge siku hiyo hiyo.

Hatua ya kumi: Daftari, na siku ya kuondoka

Kila kobe awe na ukurasa wake: alikotoka, baba, mama, uzito wa kila wiki, dawa alizopewa, na picha ya gamba la chini, ambalo michoro yake hutofautiana kati ya kobe na kobe. Wenye vibali wapeane nakala ili ndugu wasije wakazalishwa na ndugu, na kobe wa msitu mmoja wasichanganywe na wa msitu wa mbali.

Usimwachie kobe msituni kwa uamuzi wako. Anaweza kubeba ugonjwa usiouona, akawaua wale waliokuwa salama. Urudishaji ni kazi ya mamlaka, baada ya vipimo, na huhitaji msitu ambao watu wake wamekubali. Nchini Bangladesh, watoto 10 wa Manouria emys waliozalishwa bomani walirudishwa kwenye vilima vya Chittagong mwishoni mwa mwaka 2021, na walioshirikishwa kuwalinda ni wenyeji wa vilima hivyo, jamii ya Wamro, ambao wanaifahamu njia ya kila kobe kwa kuwa waliwawinda zamani. Kwa hiyo, watoto wako wanapokuwa bado bomani, wakaribishe majirani, wakiwamo wawindaji, wawaone, na uwaulize kobe hawa hulala wapi wakati wa kiangazi na hula uyoga gani. Andika majibu yao kwenye daftari lile lile, na siku kobe wanapoondoka, nakala ya kurasa hizo ifungwe kwenye mfuko usiopenya maji na isafiri pamoja nao.